Kambi ya Mwanafunzi Huanzia Kituoni

Kila shule zinapokaribia kufungwa, mjadala mmoja huzuka katika vyumba vya walimu. Mlezi wa skauti, mwalimu wa jiografia au msimamizi wa chama cha mazingira hupendekeza kwamba vijana wapelekwe nje ya jiji wakalale katika mahema usiku mmoja au miwili. Wote huafiki. Kisha bei ya kukodi basi hutajwa, wazazi huulizwa, nusu yao husema hawana, na safari huahirishwa hadi muhula ujao. Muhula ujao ukifika, hadithi huwa ile ile.

Ninaandika makala haya kupinga mazoea hayo. Maoni yangu ni kwamba kasoro haimo katika mifuko ya wazazi pekee. Imo pia katika namna tunavyoanza kupiga hesabu. Kwanza tunachagua mahali penye mandhari ya kupendeza, halafu tunatafuta gari la kutufikisha huko. Kwa mwenye gari utaratibu huo hauna dosari. Kwa mwalimu na wanafunzi wa shule ya kutwa ya Kayole, Mathare, Kawangware au Kibera, utaratibu huo ni ukuta. Ikiwa wanaokwenda kambini ni watu wa kusafiri kwa matatu, hesabu haina budi kuanzia pale wanaposhukia. Kambi ya mwanafunzi huanzia kituoni.

Wasomaji wanaojua kazi yangu hawatashangaa nikianza na maneno yenyewe. Neno kituo latokana na kitenzi kutua. Mchukuzi hutua mzigo wake, ndege hutua mtini, na jua nalo hutua. Kituo kilikuwa mahali ambapo msafiri aliushusha mzigo begani akapumzika, na jua likitua akiwa hapo, ndipo alipolala. Pwani wavuvi wana neno lao, ago au dago: maskani ya muda wanayoipiga ufuoni wanapofuata samaki mbali na kwao. Dago haliwekwi mahali pasipofikika. Huwekwa pale chombo kinapoweza kutia nanga, maji ya kunywa yanapopatikana na upepo usipowasumbua watu usiku.

Kwa hiyo, katika lugha yetu, mahali pa kushukia na mahali pa kulala havikuwa mbalimbali. Gari la binafsi ndilo lililovitenganisha. Siku hizi kituo ni cha matatu, na kambi ni mahali panapofikiwa na gari la magurudumu manne yanayovuta yote. Katikati ya viwili hivyo pana kilomita ambazo hazimo katika tangazo lolote, nazo ndizo zinazomwamulia mwanafunzi wa Nairobi kama atalala mlimani au la.

Wapo watakaouliza kama kulala nje ni jambo la kuumiza kichwa wakati shule hazina madawati. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba jambo hili si anasa. Tuzo ya Rais, iliyoanza nchini mwaka wa 1966, humtaka kijana afanye safari ya kujitegemea: usiku mmoja nje kwa kiwango cha shaba, miwili kwa fedha na mitatu kwa dhahabu. Skauti na maskauti wa kike hupimwa vivyo hivyo. Mtaala wa umilisi nao wasisitiza kujifunza kwa kutenda. Iwapo njia ya kufikia mambo haya ni basi la kukodi tu, basi tunagawa tuzo kwa kipimo cha mfuko wa mzazi, huku tukidai kwamba tunapima juhudi ya mwana.

Isitoshe, Nairobi ni jiji lililojaliwa. Ni miji mikuu michache duniani iliyo na mbuga ya wanyama ndani ya mipaka yake, tena mbuga ya tangu 1946. Upande wa magharibi kuna Bonde la Ufa, na vilima vya Ngong vyaonekana kutoka madirisha ya madarasa mengi ya jiji. Nimewafundisha vijana wa chuo kikuu waliozaliwa Nairobi na kuviona vilima hivyo kila asubuhi, lakini ambao hawakuwahi kuvikanyaga hadi walipofika kwangu wakiwa na umri wa miaka 20. Walivijua kama picha ukutani.

Sasa tuseme mwalimu ameamua kujaribu. Atachaguaje? Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandamana na wanafunzi wangu kwa usafiri wa umma, nasi tumejiwekea mizani minne ambayo hatuvuki hata mmoja.

Mizani ya kwanza ni masafa kutoka kituoni hadi mahali pa hema. Si masafa kutoka Nairobi. Kilomita 90 ndani ya matatu ni mazungumzo na usingizi. Kilomita 6 kwa miguu jua la utosi, na shanta mgongoni, ni adhabu. Kijana mwenye mzigo hutembea takriban kilomita 3 kwa saa, na kundi zima hutembea kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Kwa hivyo tumekubaliana kwamba kilomita 3 ndizo kikomo. Zikizidi hapo, sharti pawe na bodaboda au gari dogo la kubeba mizigo, na gharama yake iingizwe katika hesabu tangu mwanzo, si kuombwa barabarani.

Mizani ya pili ni maji. Hapa hisabati haina huruma. Mtu mmoja anayetembea, kupika na kunawa anahitaji, kwa uchache, lita 4 kwa siku. Lita moja ni kilo moja. Vijana 20 kwa siku mbili watatumia lita 160, ambazo ni kilo 160. Hakuna makanga atakayekubali kuyapakia madumu hayo bila kuyatoza nauli kama abiria. Mahali pasipo na bomba, tangi au kisima cha kuaminika, hata pawe pazuri kama peponi, si kambi ya watu wa matatu.

Mizani ya tatu ni usalama, nao una matawi matatu: wanyama, maji ya mafuriko na binadamu. Nitayarejea haya hivi punde kwa mifano.

Mizani ya nne, ambayo wengi huisahau, ni njia ya kurudi. Kufika ni nusu ya safari. Mahali panapofikika Jumamosi asubuhi pengine hapatokeki Jumapili jioni. Mwalimu aulize mapema: gari la mwisho huondoka saa ngapi, hujaza wapi, na mvua ikinyesha hupandisha nauli kwa kiasi gani?

Kuhusu nauli na nafasi, kuna siri moja ambayo si siri kwa mtu aliyeishi Nairobi, ila hatuitumii. Asubuhi matatu huja mjini zikiwa zimejaa na kurudi nje ya mji zikiwa karibu tupu. Jioni mambo hugeuka. Kundi linalotoka jijini kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi linakwenda kinyume cha mkondo. Litapata viti, litapata pa kuweka mizigo, na dereva atafurahi. Kundi hilo hilo likijaribu kuondoka Ijumaa saa kumi na moja jioni litagombania mlango pamoja na wafanyakazi wanaorudi makwao, na litalipa zaidi. Vilevile, anayerudi kutoka upande wa Naivasha siku ya Jumapili awe barabarani kabla ya adhuhuri.

Pia afahamu hesabu ya viti. Tangu kanuni zilizojulikana kama Sheria za Michuki zianze kutekelezwa mwaka wa 2004, matatu ndogo ina haki ya kubeba abiria 14 tu. Vijana 20 na walimu wawili ni watu 22. Watahitaji matatu ndogo mbili, kila moja ikiwa na mwalimu wake, au basi dogo moja la abiria 33 ambamo mizigo nayo itapata mahali. Mwalimu asiyekubali kugawanya kundi bila mtu mzima katika kila gari ameshinda nusu ya vita.

Na tuipitishe mizani hiyo katika mahali panne panapojulikana, tuone inavyofanya kazi.

Tuanze na Ngong, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Matatu nambari 111 hutoka katikati ya jiji hadi mji wa Ngong, na kutoka hapo hadi lango la msitu ni kilomita chache za kupanda. Kilele cha juu kabisa kina urefu wa mita 2,460 hivi. Kwa mizani ya kwanza Ngong yapita. Kwa mizani ya maji, mwalimu ajaze madumu mjini kabla ya kupanda na kuyakodishia bodaboda. Jambo linalowahadaa wageni ni upepo. Mitambo ya kwanza ya kuzalisha umeme kwa upepo iliwekwa pale mwaka wa 1993, nayo haikuwekwa kwa urembo. Panapojengwa mitambo ya upepo, mtu mwenye hema jepesi ameshaonywa. Mahema yasisimamishwe juu ya ukingo. Yawekwe chini, upande uliokingwa, na kati ya Juni na Agosti kila kijana awe na blanketi mbili. Vilima hivyo vina historia ya watembezi kuporwa, kwa hiyo kundi lijiandikishe langoni, liombe askari wa msitu wa kufuatana nalo, wala lisilale mbali na mahali palipo na walinzi.

Upande wa pili wa jiji kuna Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji wengi huuita Kilimambogo. Abiria huenda Thika, hubadilisha gari, na kushuka katika soko la Donyo Sabuk. Kutoka sokoni hadi lango la mbuga ni takriban kilomita 2. Hapa mizani ya kwanza imefaulu vizuri kuliko mahali pengi. Mbuga hii ndogo iliyotangazwa mwaka wa 1967 ina mlima wa mita 2,145, na msitu wake ni darasa tosha la biolojia. Njiani kuelekea kileleni kuna kaburi la McMillan, mlowezi tajiri aliyefariki mwaka wa 1925, ambalo ni darasa la historia.

Hata hivyo msomaji asilipuuze jina. Kilimambogo ni kilima cha mbogo, na mbogo wenyewe wangalipo. Waliotupa majina ya mahali hawakuwa watunga mashairi wa burudani. Mara nyingi walikuwa wakituachia onyo. Kundi lisipande mlima huo bila askari wa wanyamapori, na mahema yakae karibu na lango. Mwalimu wa lugha atakayewafundisha wanafunzi kusoma ramani kwa kuuliza maana ya majina atakuwa amewafundisha pia kujihadhari.

Mahali pa tatu ni Longonot, mbuga tangu 1983. Matatu zinazokwenda Naivasha kwa barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu, hupita katika mji mdogo wa Longonot. Kutoka hapo hadi langoni ni kilomita kadhaa za vumbi, na hivyo bodaboda ni lazima kwa mizigo. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni takriban kilomita 3 za kupanda, na kuuzunguka ukingo ni kilomita 7 na ushei. Vijana wengi wataweza. Kikwazo ni maji, kwani mlimani hakuna. Ushauri wangu ni kwamba Longonot ni mahali pa kupanda, si mahali pa kukaa siku nyingi. Usiku mmoja karibu na lango, kupanda alfajiri kabla ya joto, na kurudi barabarani mchana: mpango huo haudai lita nyingi kuliko zinazobebeka.

Mahali pa nne ni Hell's Gate, karibu na ziwa Naivasha, mbuga tangu 1984. Kwa watu wa matatu ni neema, maana ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swara. Kutoka mji wa Naivasha kuna matatu za barabara ya kusini mwa ziwa. Abiria hushuka kwenye njia panda, na hadi lango la Elsa ni kilomita 2. Baiskeli za kukodi hupatikana hapo hapo.

Walakini ni mahali hapo hapo ambapo mizani ya tatu ina uzito wa maisha ya watu. Mnamo Aprili 2012, vijana 7 waliokwenda huko na kundi la kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla katika korongo, wakafa. Mnamo Septemba 2019, watu wengine 7 walikufa katika korongo hilo hilo kwa njia ile ile. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini korongo hukanusha methali hiyo. Mvua huweza kunyesha mbali, kwenye miinuko ambayo mtembezi haioni, na maji yakamfikia chini ya mbingu nyeupe isiyo na wingu. Kwa hiyo kundi la wanafunzi lisiingie korongoni katika majira ya mvua, lisiingie bila mwelekezi wa pale, na popote pale duniani lisisimamishe hema katika mkondo mkavu wa mto, hata kama mchanga wake ni laini kama godoro. Kambi za Naiburta na Ol Dubai zimewekwa juu, na mwenye akili atajiuliza kwa nini.

Nimeyataja haya kwa kirefu kwa sababu nataka walimu waone kwamba kuchagua kambi ni kazi ya kufikiri, na ya kuwafikirisha wanafunzi. Wape ramani, ratiba ya magari, bei za nauli na mizani minne. Waache wajadili, wapige kura, waandike ripoti. Somo la hisabati, la jiografia na la insha yatakuwa yamekamilika kabla hata ya safari kuanza. Na wakumbushe jambo dogo: siku hizi mbuga za serikali hulipiwa kwa simu na si kwa noti langoni. Kundi lenye simu moja iliyoishiwa na moto litarudishwa likiwa na pesa mfukoni.

Lakini hata tukichagua kwa busara, ukweli unabaki kwamba mahali panapopita mizani yote minne ni pachache. Hapa ndipo ninapotaka kutoa pendekezo langu hasa, nalo ninalielekeza kwa walimu wakuu.

Mnamo Agosti 1909, mwalimu mmoja wa Ujerumani, Richard Schirrmann, alikuwa katika matembezi ya siku kadhaa na wanafunzi wake aliponaswa na mvua ya radi. Usiku huo walijihifadhi katika jengo la shule ya kijijini, wakalala juu ya majani makavu waliyopewa na mkulima. Akiwa macho usiku, akawaza: shule zimejaa nchini kote, na wakati wa likizo ni tupu. Kwa nini zisiwapokee vijana wanaotembea? Kutokana na wazo hilo pakazaliwa nyumba za wageni za vijana. Ile ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa katika ngome ya Altena mwaka wa 1912, na leo ziko katika nchi nyingi duniani. Chimbuko lake si tajiri wala wizara. Ni mwalimu wa shule aliyetazama darasa tupu.

Sasa hebu tujitazame sisi. Shule zetu hufungwa Aprili, Agosti, na tena kuanzia Novemba. Kati ya Ngong na Kiserian, Mai Mahiu na Longonot, Thika na Donyo Sabuk, zimo shule nyingi zilizo karibu na barabara ya matatu. Shule ya kawaida ina uwanja wa kusimamisha mahema. Ina vyoo. Mara nyingi ina tangi la maji ya mvua. Ina ua na bawabu. Iko karibu na duka la unga na kituo cha afya. Ipime kwa mizani yetu minne utaona inapita yote, ilhali kambi nyingi za kifahari zitaanguka kwenye ule wa kwanza.

Tena jambo hili si geni kwetu. Wakati wa mashindano ya muziki na ya drama, vijana kutoka kaunti za mbali hulala katika madarasa ya shule mwenyeji, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani. Wakati wa uchaguzi, shule hizo hizo huwa vituo vya kupigia kura, na makarani hukesha humo. Kama shule yaweza kulaza mwimbaji na karani, itashindwaje kumpa skauti wa Mathare futi 6 za nyasi kwa usiku mmoja?

Najua kitakachojibiwa. Mwalimu mkuu atasema: mtoto akipatwa na jambo katika uwanja wangu, nani atahojiwa? Siidharau hofu hiyo. Nchi hii iliwazika wanafunzi 67 wa Kyanguli mwaka wa 2001, na wavulana 21 wa Endarasha mwaka wa 2024, wote kwa moto wa bweni. Mwalimu mkuu asiyeogopa baada ya hayo hafai kukabidhiwa watoto. Lakini hofu njema huzaa utaratibu, haizai makufuli peke yake. Na pawe na barua kati ya shule mbili, orodha ya majina, idhini ya wazazi kwa maandishi, mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi 10, na taarifa kwa chifu na kituo cha polisi. Na pawe na amri isiyo na mjadala: hakuna mshumaa, jiko wala sigara ndani ya hema, kwa kuwa kitambaa cha hema huwaka kwa sekunde chache. Kupika kufanyike mahali pamoja, pa wazi, chini ya macho ya mtu mzima.

Wengine watasema matatu zenyewe ni hatari, na kwamba ni heri basi la shule. Ningekubali kama kila shule ingekuwa na basi. Hali ilivyo, mwanafunzi wa shule ya kutwa hupanda matatu kila asubuhi kwenda darasani, na hakuna anayemwandikia barua ya kumkataza. Yawaje matatu iwe salama siku tano za juma na iwe mauti Jumamosi? Tahadhari ni zile zile: gari la chama kinachojulikana, mikanda, mchana tu, na dereva atakayeshushwa cheo na abiria wote wakishuka pindi aanzapo mbio. Hata hivyo nakiri kwamba mpango huu ni wa vijana wanaoweza kubeba mzigo wao na kufuata amri. Watoto wa madarasa ya chini wasubiri zamu yao.

Kwa wanaosimamia mbuga na misitu nina maombi mawili yasiyogharimu mabilioni. La kwanza: katika kila tangazo la kambi, pamoja na namba ya barabara, iandikwe pia matatu ya kupanda, kituo cha kushukia na kilomita za kutembea hadi mahali pa hema. Taarifa hiyo ni mstari mmoja, lakini bila mstari huo anayesafiri kwa matatu huambiwa kimyakimya kwamba hakutarajiwa. La pili: kila mbuga itenge sehemu ya mahema karibu na lango, yenye bomba, kwa wanaokuja kwa miguu. Mwenye gari ataendelea kupata kambi yake ya ndani yenye upweke na mandhari. Hatanyang'anywa kitu.

Tusisahau pia kwamba ardhi isiyokanyagwa na wananchi hukosa wa kuitetea. Msitu wa Karura ulipokaribia kugawiwa watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1990, Wangari Maathai na wenzake, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu, walisimama wakapigwa kwa ajili yake. Uko hai hadi leo. Mtu huulinda mti ambao amewahi kukaa chini yake. Kijana ambaye vilima vya Ngong kwake ni picha ya dirishani, siku vitakapokatwa vipande na kuzungushiwa ua, atapata taarifa gazetini na kufungua ukurasa wa michezo.

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, wakimkanya azururaye bila shughuli. Mwanafunzi anayelala nje kwa mpango ana shughuli: anajifunza kuhesabu maji, kusoma mawingu, kugawana chakula na kumngoja aliyechoka. Mambo hayo hayahitaji basi la kukodi. Yanahitaji nauli ya matatu, uwanja wa nyasi na mwalimu mwenye barua mfukoni. Mwalimu unayesoma makala haya, likizo haiko mbali. Chukua ramani, tafuta shule iliyo karibu na kituo chini ya vilima, umwandikie mwalimu mkuu wake leo. Nawe mwalimu mkuu utakayeipokea barua hiyo, usiiweke chini ya nyingine.